Afisa ustawi anapobisha hodi: maswali ya wazazi walezi

Swali: Nimepokea mtoto wa miaka 6 kwa malezi ya kambo, na afisa ustawi wa jamii ameniomba niweke daftari. Niandike nini humo?

Jibu: Andika ulichokiona na kukisikia, pamoja na tarehe; maana ya hayo mtaitafuta pamoja, wewe na afisa. Kuandika kwamba mtoto ni mwizi hakumsaidii afisa, lakini ukiandika kwamba Jumanne asubuhi ulikuta kipande cha mkate chini ya mto wake, atakumbuka kwamba mtoto aliyewahi kushinda na njaa huweza kuficha chakula hata kinapokuwa tele, na mtapanga namna ya kumhakikishia kwamba kesho pia atakula. Usingizi, uzito na mahudhurio ya shule viandikwe, na siku alizocheka pia, ambazo walezi wengi huzisahau.

Swali: Mbona afisa huzungumza naye faraghani? Haniamini?

Jibu: Najua inauma, ila hiyo si tuhuma. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na si rahisi kwa mtoto kutamka neno gumu mbele ya mtu anayempikia. Afisa akitoka, muulize yeye kama kuna la kurekebisha; mtoto usimhoji.

Swali: Hukojoa kitandani kila anapotoka kuonana na mama yake mzazi. Niombe wasionane tena?

Jibu: Usiharakishe. Huenda kinachomtesa ni kule kuagana upya, wala si mama mwenyewe. Andika yanayotokea kabla na baada ya kila mkutano, ili afisa aweze kubadili saa, mahali au namna ya kuagana, na mtoto apimwe hospitali isije ikawa ni maradhi. Akikwambia ameumizwa, au ukiona jeraha lisiloelezeka, msikilize bila kumchimba, kisha mpigie afisa siku hiyohiyo.

Swali: Afisa anapaswa kuja mara ngapi?

Jibu: Kila nchi ina utaratibu wake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inapendekeza hali ya mtoto ipitiwe upya walau kila baada ya miezi 3. Ukielemewa kabla ya hapo, mwite, umweleze pia uchovu wako bila haya, kwani anaweza kukuunganisha na walezi wenzako au kukutafutia mapumziko mafupi.