Cheche naziona, ndege haianguki: nani anahesabu risasi?

SWALI: Mkuu, narusha Mustang kwenye gemu la vita vya ndege la mtandaoni. Nampata jamaa kwa nyuma kabisa, cheche zinaruka kwenye bawa lake, yeye anaenda zake tu. Afu mimi napigwa na mtu ambaye pua ya ndege yake naiona inaangalia pembeni. Hawa wanachiti?

JIBU: Wachiti wapo, sitakataa, ila kwa ulivyoeleza sidhani. Mimi kazi yangu ndo hizi programu za seva, ile kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, na hili lalamiko nimelizoea.

Ndege unayoiona kwenye skrini ni kivuli bwana. Jamaa akienda kilomita 540 kwa saa ni mita 150 kila sekunde, sasa ping, yaani habari kuchelewa mtandaoni, ikiwa milisekunde 200 ina maana ameshasogea mita 30, yaani Mustang tatu zikipangwa mstari, kabla habari zake hazijakufikia. Kwa hiyo kompyuta yako inakisia, inachukua spidi na uelekeo wa mwisho inamchora mbele ya pale. Akienda moja kwa moja inapatia vizuri tu. Akikata kona kwa G 5, yaani kona kali ya nguvu mara tano ya mvutano wa dunia, kwa hizo milisekunde 200 inakosea kama mita 1, na bawa ukilitazama kwa nyuma ni jembamba mno, hiyo mita 1 inatosha kukukosesha. Pakiti, vile vifurushi vya habari vinavyopita mtandaoni, zikipotea ukakaa nusu sekunde bila habari, kosa linafika mita 6! Muda umeongezeka mara mbili na nusu, kosa limeongezeka mara sita. Ndo maana mi huwa nawaambia watu waache kulilia ping, mtandao wa kukatakata ndo mbaya zaidi.

Sasa hakimu ni nani? Inategemea gemu. Aces High kwa mfano inaamini kompyuta ya anayepiga, ukiona umepata basi umepata. Bei yake analipa anayepigwa: wewe ushakata kona, kwake bado uko pale pale, na pua yake unayoiona ni ya zamani, ikiwa imepishana nyuzi 5 tu basi kwa mita 250 unaona risasi zinapita mita 22 pembeni yako huku unatoboka. Magemu mengine seva ndo inahesabu upya, na hapo kompyuta yako inaweza kukuchorea cheche mapema ili usione gemu linachelewa, afu seva inasema hapana hukumpata. Mi binafsi napenda ya kwanza, kulenga kwenyewe ni kazi, angalau ulichokilenga kihesabiwe.

Na usisahau, cheche inaweza kuwa ya kweli kabisa na ndege isianguke. Bunduki 6 za Mustang ni za milimita 12.7, risasi haina mlipuko kama ganda la mzinga wa milimita 20, inaingia kwenye bati inatokea upande wa pili, kama haijagusa injini, tangi au rubani basi umemtoboa tu.

Achana na waifai chomeka waya, sogea mpaka mita 200 ndo ufyatue, mpige akiwa ametulia hajakata kona. Ukimwona anarukaruka kwenye skrini kama panzi tunza risasi zako, huyo hata kompyuta yako haijui yuko wapi.