Klabu ya filamu Ujiji, tuanzie wapi?

Swali: Kaka mhariri mambo vipi, sisi vijana wa Ujiji hapa Kigoma tunataka klabu ya kucheki filamu na kuzijadili, kibanda umiza tumepewa ila bando ndo linatumaliza.

Jibu: Poa wana Kigoma! Ingieni Internet Archive (maktaba ya bure ya mtandaoni), kuna filamu za zamani kibao zilizoisha hakimiliki, mnapakua bure. Mmoja apakue usiku atie kwenye flashi, na asihangaike na faili la giga 4 wakati la mega 700 kwenye tv ya kibandani linatosha kabisa. Anzeni na za kimya, zile ambazo waigizaji hawasikiki wakiongea, hazidai DJ wa kutafsiri, vile vimaandishi vinavyotokea katikati ya picha mtu anawasomea tu kwa sauti (raha sana hiyo). Ila kuonyesha hadharani kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, ulizeni mapema.