Potali Inahamisha Miguu, Krediti Zinahamishwa na Msajili

Tangu Aprili 2024, mwanamichezo wa Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, anaweza kuhama chuo mara nyingi atakavyo kupitia potali (mfumo wa mtandaoni wa kujiandikisha kuhama) na kushindana papo hapo, mradi aondoke alikotoka akiwa na sifa za kimasomo na bila adhabu ya kusimamishwa, na mradi atimize viwango vya masomo huko aendako. Watu wengi waliisoma sentensi hiyo wakaishia kwenye "papo hapo". Barua za safari hii zinatoka kwao.

Nimemaliza mwaka wa tatu wa usimamizi wa michezo, nahamia fedha, nina krediti 90 na GPA (wastani wa alama) 3.1. Kocha wa chuo kipya alisema krediti zote zitapokelewa. Sasa naambiwa siruhusiwi kukimbia muhula wa Agosti kwa sababu nimepungukiwa. Nani ananidanganya?

Hudanganywi. Umechanganya mambo mawili, na kocha hakukutenganishia. Kupokelewa kwa krediti ni jambo moja, kuhesabiwa kwenye shahada yako ni jambo lingine. Msajili anaweza kuzipokea zote na kuziandika kwenye transkripti mpya, kisha idara ikakwambia kwamba theluthi yake haina pa kukaa.

NCAA inaangalia asilimia ya shahada uliyotangaza: 40 kabla ya muhula wa tano, 60 kabla ya wa saba, 80 kabla ya wa tisa. Kwa shahada ya krediti 120 hizo ni 48, 72 na 96. Wewe unaingia muhula wa saba, kwa hiyo unadaiwa 72.

Umeandika kwamba ulikuwa ukisomea usimamizi wa michezo na unahamia fedha. Tupige hesabu. Tuseme una kozi tatu zenye alama ya D: vyuo vingi havipokei D kutoka nje, hapo krediti 9 zimekwenda, zimebaki 81. Katika 81 hizo, kozi za masomo ya jumla zinaingia vizuri, uhasibu wa utangulizi unaingia, takwimu inaingia. Lakini sheria za michezo, uendeshaji wa viwanja na masoko ya michezo zinaangukia kwenye kozi huria (za kujichagulia), na shahada ya fedha ina nafasi chache za kozi huria. Zikijaa, zinazobaki ni mapambo ya transkripti. Ukibaki na 63, umepungukiwa krediti 9, yaani kozi tatu za kiangazi, na lazima ziwe kozi za shahada hiyo hiyo. Kozi rahisi ya kuokotea krediti haitakusaidia.

Una njia tatu. Soma hizo 9 kiangazi. Au tangaza shahada iliyo karibu na ya zamani. Au omba idara ipitie upya kozi zilizotupwa kwenye kapu la kozi huria. Hapo utahitaji silabasi kamili ya kila kozi yenye mada za kila wiki, kitabu kilichotumika na saa za darasani. Maelezo ya mistari mitatu yaliyonakiliwa kwenye katalogi yatakataliwa. Rufaa za namna hii hushinda mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, lakini huchukua wiki kadhaa, na msimu hausubiri.

Mtakaokuwa kwenye hali hii mwakani, kabla ya kusaini chochote ombeni ripoti ya ukaguzi wa shahada, iliyotolewa na chuo kipya kwa jina la shahada mnayoitaka, ikionyesha asilimia. Barua pepe ya kocha yenye neno "usijali" si ripoti. Kocha hana mamlaka juu ya hata krediti moja. Na anayependekeza shahada ya "masomo ya jumla" kwa kila anayehamia kwake anatatua tatizo la timu yake. Shahada hiyo hupokea karibu kila kitu, ndiyo, lakini ni wewe utakayeieleza kwa mwajiri.

Krediti zangu zitahama?

Kutoka chuo gani, kwenda chuo gani, shahada gani, muhula wa ngapi? Barua kama hii zimekuja kumi na moja safari hii. Ingieni Transferology, tovuti inayoonyesha kozi zipi zinapokelewa wapi, andikeni kozi zenu, kisha mniandikie kilichobaki.

Mimi ni mkimbiaji kutoka Iten, niko JUCO (chuo cha miaka miwili) mwaka wa pili. Vyuo vitatu vya Divisheni ya Kwanza vinanitaka. Kuna cha kuhofia?

Kipo. Njia ya wakimbiaji wetu kwenda vyuo vya Marekani ni ya zamani: Henry Rono alikuwa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, na Suleiman Nyambui alikuwa UTEP (Chuo Kikuu cha Texas, El Paso) alipochukua ubingwa wa mbio za nyika wa NCAA mwaka 1980. Siku hizi wengi hupitia vyuo vya miaka miwili kwanza, na hapo ndipo wanapojikwaa.

Cha kwanza: ulipotoka sekondari, kituo cha uhakiki cha NCAA kilikuweka kundi gani? Kama ulitimiza sifa zote, unahitaji wastani wa krediti 12 zinazohamishika kwa kila muhula wa kutwa (wenye mzigo kamili wa masomo) na GPA ya 2.5 kwenye kozi hizo. Kama hukutimiza, mlima ni mrefu zaidi: uhitimu hicho chuo cha miaka miwili, uwe umesoma mihula mitatu ya kutwa, uwe na krediti 48 zinazohamishika, ndani yake 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi asilia, kwa GPA ile ile ya 2.5. Kama hujui kundi lako, uliza leo.

Cha pili ni Kiingereza. Kozi za Kiingereza kwa wageni na hisabati za kuziba pengo zina krediti kwenye karatasi ya JUCO lakini kwa kawaida hazihamishiki. Mwanafunzi anaona 62 kwenye transkripti, chuo kikuu kinaona 50. Hali kadhalika krediti za kuwa kwenye timu: JUCO nyingi hutoa krediti moja kwa kukimbia nyika na nyingine kwa riadha, lakini NCAA haihesabu zaidi ya krediti 2 za mazoezi ya viungo kwenye sifa zako za uhamisho, isipokuwa kama unasomea fani hiyo.

Cha tatu: karibu kozi zote za JUCO ni za ngazi ya chini, na vyuo vikuu vingi huweka kikomo, mara nyingi karibu na krediti 60, kwa zinazotoka vyuo vya miaka miwili. Ukikaa mwaka wa ziada kulundika 80, unajaza gunia lililotoboka.

Kati ya vyuo vyako vitatu, anza na kile kilichokupa tathmini ya maandishi bila kuombwa mara mbili.

Nilisoma muhula mmoja chuo kikuu hapa Kenya kabla ya kupata skolashipu. Alama hazikuwa nzuri. Lazima nitaje?

Lazima. Saa ya miaka mitano ya NCAA huanza siku unapojiandikisha mzigo wa kutwa na kuingia darasani katika chuo chochote duniani, si cha Marekani peke yake. Muhula ule umeshaanza kuhesabika, na kwa kanuni wewe unahama kutoka chuo cha miaka minne, si mwanafunzi mpya. Ukificha, ikagundulika baadaye, unaweza kupoteza ruhusa ya kushindana na kuburutwa mbele ya chuo kwa kutoa maelezo ya uongo kwenye maombi. Picha ya kundi la wanafunzi wapya kwenye Facebook imewaumbua watu kabla yako.

Agiza transkripti sasa, kabla hujapanda ndege. Mnajua wenyewe habari za alama zinazopotea na fomu ya kliarensi inayozunguka ofisi saba; ukiwa nje utahitaji ndugu wa kukufuatilia kaunta kwa kaunta. Kisha chuo cha Marekani kitakwambia kinakubali tathmini ya taasisi gani, kwa mfano WES au ECE. Agiza ile ya kozi kwa kozi. Ile ya jumla ni nafuu lakini inasema tu kwamba ulisoma, haitoi krediti wala alama za kozi moja moja, na utalipa mara ya pili.

Nimeshaingia potali mwezi Aprili. Nikiacha mitihani ya mwisho kuna shida gani, maana naondoka?

Shida ni kwamba lazima uwe umefaulu angalau krediti 6 katika muhula wa mwisho wa kawaida, na kiangazi hakifidii hizo 6. Pia unatakiwa kuwa na 18 kutoka muhula wa Agosti na wa Januari kwa pamoja. Rudi darasani.

Kwa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, muhula wa Agosti una sharti lake kali zaidi: krediti 9. Anayezikosa anaweza kukaa nje michezo minne ya mwanzo msimu unaofuata.

Natoka chuo cha mfumo wa robo kwenda cha mihula. Nina krediti 96, wao wanasema 64. Zimeibwa?

Hapana. Krediti ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya muhula: 96 mara mbili, gawanya kwa tatu, unapata 64. UCLA na Oregon hutumia robo, kwa hiyo swali hili huja kila mwaka. Kinachouma hasa ni kipande kinachobaki. Kozi ya krediti 4 za robo inageuka 2.67, na sharti la shahada ni 3. Vyuo vingine husema sharti limetimia na unadaiwa 0.33 ya jumla tu, vingine hukurudisha darasani. Uliza kozi moja moja, hasa maabara na mfululizo wa hesabu, kwa sababu ukihama katikati ya mfululizo wa robo tatu unaweza kukuta umesoma muhula mmoja na kidogo wa kitu kinachofundishwa kwa mihula miwili kamili. Maliza mfululizo kwanza, ukiweza.

GPA yangu ya 3.7 itahama?

Kwa kawaida krediti huhama na GPA hubaki. Utaanza upya, na kozi mbili mbaya za muhula wa kwanza hazitakuwa na mto wa kulalia.

Mwanangu yuko Marekani kwa visa ya F-1, ile ya wanafunzi. Amepungukiwa krediti 6 na anataka kuzisoma zote mtandaoni. Je, hilo litaathiri visa?

Mama, inategemea lini. Muhula wa kawaida lazima awe na mzigo wa kutwa, krediti 12 kwa shahada ya kwanza, na ndani ya hizo 12 kozi moja tu ya mtandaoni, krediti 3, ndiyo inayohesabika. Kiangazi kama ni likizo yake ya kawaida, anaweza kusoma mtandaoni bila kuvunja masharti.

Lakini kuna jambo hukuliuliza. Kuhama kimichezo hakuhamishi visa. Rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima iachiliwe na chuo cha zamani kwa tarehe waliyokubaliana, kisha chuo kipya kitoe I-20 mpya (fomu ya chuo inayothibitisha hadhi yake ya mwanafunzi), na masomo yaanze ndani ya miezi 5. Tarehe hiyo ikishapita, chuo cha zamani hakina uwezo tena juu ya rekodi yake. Ikipita wakati chuo kipya bado kinabishana kuhusu krediti, kijana amebaki hana pa kurudi. Mwambie asikubali kuachiliwa mpaka ripoti ya shahada iwe mkononi. Na asidondoshe kozi hata moja bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hata kama mshauri wa michezo amesema ni sawa. Mshauri huyo hajui mambo ya uhamiaji, na hafukuzwi nchini akikosea.

Nimebakiza kozi moja kuhitimu shahada ya kwanza. Nataka kuhamia kwingine kwa uzamili na kucheza mwaka wangu wa mwisho. Nitamalizia kozi hiyo huko huko.

Usifanye hivyo. Bila shahada iliyotolewa wewe si mwanafunzi wa uzamili, ni mhamiaji wa shahada ya kwanza anayeingia muhula wa tisa, na utapimwa kwa asilimia 80 ya shahada ya chuo kipya ambacho hujasoma hata kozi moja. Juu ya hapo, vyuo vingi hutaka karibu robo ya shahada, mara nyingi krediti 30, zisomwe kwao. Utakuwa umegeuza kozi moja kuwa mwaka mzima.

Malizia kiangazi kwenye chuo chako. Ukiisomea kwingine, pata kwanza idhini ya maandishi ya msajili wako kwamba kozi hiyo itapokelewa, na angalia kama wana sharti la krediti za mwisho kusomwa kwao. Kisha linganisha tarehe mbili: siku shahada inapoandikwa kwenye transkripti na siku ya kwanza ya masomo ya uzamili. Kiangazi kikiisha Agosti katikati na shahada ikaandikwa Septemba, omba barua ya msajili inayothibitisha kwamba masharti yote yametimia, na uliza mapema kama chuo kipya kitaikubali. Uzamili nao una maombi yake, tarehe yake ya mwisho na kamati ambayo haitazami rekodi zako za mita 5,000.