Kabla ya vikwazo, tuikumbuke hukumu ya The Hague

Mhariri,

Mmeuliza kama nchi zinazoendelea kuvua nyangumi kwa biashara ziwekewe vikwazo. Swali hilo limenigusa, ingawa kinachoniuma zaidi ni jinsi nchi inavyoweza kuuhalifu mkataba huku ikiunukuu.

Tarehe 31 Machi 2014 nilisikiliza mpaka mwisho hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, katika kesi ya Australia dhidi ya Japani. Usitishaji wa uvuvi wa nyangumi kwa biashara ulikwisha kupigiwa kura mwaka 1982 na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, chombo cha nchi zinazosimamia uvuvi huo, na kuanza kutumika msimu wa 1985/86, lakini Ibara ya 8 ya mkataba wa 1946 wa kusimamia uvuvi wa nyangumi inairuhusu serikali kutoa kibali cha kuua nyangumi kwa ajili ya utafiti, na kwa kibali hicho Japani iliendelea kuvua Antaktika huku nyama ikiuzwa. Jaji Peter Tomka, rais wa mahakama, alisoma hoja moja baada ya nyingine. Majaji walikubali kwamba kazi ile kwa jumla ingeweza kuitwa utafiti. Walichopima ni kama idadi ya wanyama iliendana na malengo yaliyotajwa. Mpango wa Japani ulitaka minke, aina ya nyangumi wadogo, 850 hivi kila mwaka, pamoja na nyangumi wa nundu 50, ambao hakuuawa hata mmoja. Minke wapatao 3,600 walikuwa wamekufa tangu 2005, na Japani iliweza kutaja makala mbili tu zilizohakikiwa na wataalamu wenzao. Makala mbili! Iliposomwa kura ya 12 dhidi ya 4, kwamba vibali vile havikuwa vya utafiti, machozi yalinitoka.

Mwishoni mwa 2015 meli za Japani zilirudi kule kule, zikiwa na mpango mpya wa minke 333.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema vikwazo viwekwe, tena bila huruma. Hata hivyo, nikifuata mambo yalivyokwenda, nalazimika kukiri kwamba Japani ilipojitoa katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi mwaka 2019, hatua niliyoilaani wakati ule, iliacha pia kuvua Antaktika na kubaki katika maji yake yenyewe. Kujitoa huko kulifanya kile ambacho hukumu niliyoililia haikuweza kukifanya. Norwei nayo imo ndani ya Tume na inavua tangu 1993 kwa haki ya pingamizi ililoliweka mapema dhidi ya usitishaji, ambalo kwa mujibu wa mkataba linaifanya isifungwe nao. Kuiadhibu kwa kutumia kifungu halali kungetufanya nasi tuuchezee mkataba.

Kwa hiyo jibu langu, kwa sasa, ni hapana. Nasema kwa sasa kwa sababu mwaka 2024 Japani ilianza kutumia meli mama mpya, yaani meli ya kuchakatia nyangumi waliovuliwa, Kangei Maru, yenye uwezo wa kufika Antaktika, na mwaka huo huo ikawaongeza nyangumi aina ya fin katika orodha ya wanaovuliwa. Meli hiyo ikielekezwa kusini, nitaomba mnichapishe tena, na jibu langu litakuwa jingine.