Binadamu Hawajazi Galaksi kwa Sura Tatu: Kwa Mnaoanza Kuandika Bunilizi za Kisayansi

Wadogo zangu, nimemaliza kupitia miswada mliyonitumia, na furaha niliyopata imezidi uchovu. Lugha yenu ni tamu na wahusika wenu wanapumua. Kuna sura ya harusi ndani ya meli ya vizazi (ile ambamo watu huzaliwa na kufa safarini) ambayo niliisoma mara mbili kabla ya kula. Lakini karibu kila mswada una kosa lilelile walilolifanya waliowatangulia. Ukurasa wa kwanza binadamu wanarusha chombo chao cha kwanza kuelekea nyota ya jirani. Ukurasa wa 60, miaka 200 baadaye, wako kwenye sayari 1,000, wana seneti, wana jeshi, na viumbe wa kila upande wa galaksi wanawaogopa. Walifikaje huko? Nani aliwaruhusu kushuka? Hamsemi. Nimeona niyaweke haya kwa maandishi, maana nimechoka kuyaandika pembezoni mwa kurasa zenu mmoja mmoja.

1. Hesabuni muda wa kukaa kabla ya kuhesabu kasi ya chombo.

Mnaipenda mno injini. Ninaelewa, injini inapendeza. Ila kinachoamua binadamu watasambaa upesi kiasi gani ni muda ambao walowezi wanakaa mahali hadi wao wenyewe waweze kurusha chombo kingine. Fanyeni hesabu hii kwa kalamu. Nyota mbili zimeachana kwa miaka ya nuru 10 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huenda kwa mwaka mmoja), na chombo kinakwenda kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru, basi safari ni miaka 100. Walowezi wanahitaji miaka 400 kupata migodi, viwanda, hospitali, vyuo na gati la kuundia chombo kipya. Hatua nzima ni miaka 500. Sasa zidisheni kasi mara mbili: safari inakuwa miaka 50, hatua nzima 450. Mmevumbua injini mpya, mmeisifu kwa sura mbili, na mmeokoa sehemu moja tu ya kumi ya muda. Rudini kwenye injini ya zamani lakini mpunguze miaka ya ujenzi iwe 200, na hatua nzima inashuka hadi 300.

Kama hamniamini mimi, tazameni historia ya bara hili. Mababu wa wasemaji wa lugha za Kibantu walianza kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, na katika karne za mwanzo baada ya Kristo walikuwa wameshafika Afrika Kusini. Ukigawa umbali huo kwa muda wake unapata kama kilomita mbili kwa mwaka, ilhali mtu mwenye mzigo kichwani hutembea kilomita 20 kwa siku moja. Miguu haikuwa kikwazo. Walikuwa wanafyeka, wanapanda, wanangoja mavuno, wanazika wazee wao, na watoto wakishakua baadhi yao wanahamia bonde linalofuata. Hayo maisha ya bondeni ndiyo riwaya yenyewe, na ninyi mnayaruka!

2. Jueni umbali wenu kwa moyo. Chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, yaani miaka ya nuru 4.24, ungechukua miaka zaidi ya 70,000.

3. Msiweke ustaarabu wa kale kwenye Kilimia, lile kundi la nyota. Najua jina linavutia na bibi zetu walipanda kwa kukitazama, lakini nyota zake zina umri wa takriban miaka milioni 100 tu, na Dunia ina miaka bilioni 4.5. Kilimia kilipozaliwa, dinosaria walikuwa wanatembea hapa.

4. Watu huzaliwa, na kuzaliwa kuna mwendo wake.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili lilinigharimu. Riwaya yangu ya kwanza ilihusu meli moja iliyowashusha walowezi 5,000 kwenye sayari yenye wenyeji wake. Miaka 120 baadaye nikawa na watu milioni 400, miji kumi na miwili na jeshi kubwa, nao wanapigania maji na wenyeji. Vita ndiyo ilikuwa kitabu chote. Niliiandika kwa mapenzi makubwa, nikampelekea shangazi yangu, ambaye alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, nikitarajia anipongeze kwa zile sura za mapigano.

Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, watoto wote hawa, nani aliwapokea?"

Nilidhani anauliza kuhusu hospitali. Akachukua kalamu. Kati ya watu 5,000 wanawake ni nusu, na walio katika umri wa kuzaa ni sehemu tu ya nusu hiyo. Akanitaka nichukue mwendo wa kasi ninaoujua. Leo ningempa ule wa Tanzania kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, asilimia 3.2 kwa mwaka. Huo ni mwendo wa nchi yenye vijana wengi na uzazi mkubwa, na kwa mwendo huo idadi huongezeka maradufu kila baada ya miaka 22 hivi. Basi watu 5,000, baada ya miaka 120, wanakuwa takriban 220,000. Huo ni mji wa wilaya. Ili nifike milioni 400 ilinibidi idadi iongezeke maradufu kila baada ya miaka saba na ushee, yaani mtoto wa darasa la kwanza ahesabiwe kuwa mzazi.

Nilijitetea. Nikamwambia kutakuwa na mashine za kuzalia, mimba zitakua kwenye vyumba vya vioo. Nyote mnalijua jibu hilo, nimelikuta kwenye miswada minne yenu. Naye akauliza: atakayewalea ni nani? Watu 5,000 wakitoa watoto 50,000 kwa mkupuo, nani atakesha na wenye homa, nani atawafundisha kusema, nani atawafundisha kutengeneza mtambo wa hewa kabla ya wazee kufa? Mkunga anajua kwamba mtoto akishapokelewa kazi ndiyo inaanza. Sikuwa na jibu, nikakasirika. Vita ilianguka, na pamoja nayo jeshi, miji na zaidi ya nusu ya kurasa. Nilikaa muda mrefu bila kumpelekea kitu kingine, na hilo linaniuma kuliko kurasa zilizopotea, kwa sababu alikuwa msomaji bora kuliko wote niliowahi kupata, nami nilimnyima hadithi kwa kuwa alisoma vizuri.

Nilipoirudia ile kazi nikiwa na watu wangu 220,000 tu, katikati ya wenyeji milioni mia, niligundua kwamba hadithi ilikuwa imepona. Sasa binadamu ni wachache. Lazima wajifunze lugha ya wenyeji, walipe kodi ya maji, wagombane wenyewe kwa wenyewe juu ya nani azungumze kwa niaba yao, na vijana waone aibu kwa lafudhi ya wazazi wao. Kila ukurasa ukawa na jambo.

Kuna na upande wa pili wa hesabu hiyo. Wengine mnasema binadamu watasambaa kwa sababu watazidi kuzaana, kwamba idadi itawasukuma nje. Haiwezekani iwe hivyo kwa muda mrefu. Chukua watu bilioni 8 wa leo, waongeze kwa asilimia 2 kila mwaka kwa miaka 1,000: idadi yao inazidi mara milioni 398. Sasa wape vyombo vinavyokwenda kwa kasi ya nuru yenyewe, waende pande zote tangu siku ya kwanza. Baada ya miaka hiyo 1,000 watakuwa wamefikia takriban nyota milioni 10, na kila nyota italazimika kubeba watu zaidi ya bilioni 300. Uzazi unashinda nuru. Kwa hiyo jamii yoyote inayoishi miaka mingi kati ya nyota imeshajifunza kutulia nyumbani, na wanaoondoka wanaondoka kwa sababu nyingine: dini, biashara, kukimbia vita, udadisi, mapenzi. Sababu hizo ndizo mnazojua kuziandika vizuri.

5. Waulizeni wenyeji wenu kwa nini wao hawakuja kwanza.

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote. Mwaka 1950, kwenye chakula cha mchana huko Los Alamos, Marekani, mwanafizikia Enrico Fermi aliwauliza wenzake wako wapi hao viumbe wengine. Mwaka 1975 mwanasayansi Michael Hart akaliwekea swali hilo hesabu: kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru, bila kutua kwa muda mrefu, sehemu kubwa ya galaksi ingeweza kupitiwa ndani ya miaka 650,000. Galaksi yetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Basi ukiniambia kuna staarabu 40 zenye umri wa mamilioni ya miaka, na kila moja imekaa kwenye sayari zake chache, halafu binadamu wanatokea na kuchukua nyota 1,000 kwa karne mbili, nitakuuliza: wale wengine walizuiwa na nini? Chochote kilichowazuia wao kitatuzuia na sisi, au utuambie kwa nini hakituzuii. Jibu lako kwa swali hilo ndilo litakuwa sheria ya dunia yako, na likikosekana msomaji mwenye akili ataona tu kwamba unawapendelea watu wako.

Majibu yapo mengi. Labda wameshajaza na wamewekeana mipaka, na binadamu wanapewa kipande kisichotakiwa. Labda wamechoka. Mwaka 2019 mwanasayansi Jonathan Carroll-Nellenback na wenzake walichapisha hesabu zilizozingatia kwamba nyota zenyewe zinatembea, hivyo msafiri mvumilivu anaweza kungoja nyota nyingine imkaribie. Nyota Gliese 710, kwa mfano, itapita karibu na Jua letu baada ya takriban miaka milioni 1.3. Katika hesabu zao galaksi inaweza kuwa na maeneo yenye wakazi na maeneo matupu kwa wakati mmoja, na Dunia ikawa kwenye eneo lisilotembelewa kwa mamilioni ya miaka. Nani ataniandikia riwaya kuhusu watu wanaongoja nyota? Nimeomba sana.

Na wenyeji msiwafute. Wahadza bado wako kandokando ya Ziwa Eyasi na Wasandawe wako Dodoma, maelfu ya miaka baada ya wakulima kupita. Mahali pengine waliotangulia walimezwa, lakini hata huko waliacha alama: sauti za kidoko za Kixhosa na Kizulu zilitoka kwa majirani wa Khoisan. Watu wakisambaa kati ya wengine hubadilika, na baada ya vituo vitano mjukuu wa mlowezi hatafanana sana na yule uliyemwacha kwenye sura ya kwanza.

6. Chakula cha wenyeji kinaweza kujaza tumbo bila kulisha. Uhai wa Dunia unajenga protini zake kwa asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) za mkono wa kushoto, yaani za umbo moja kati ya mawili yanayotofautiana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na hakuna aliyezilazimisha sayari nyingine zichague mkono huohuo, kwa hiyo pakieni udongo na mbegu.

7. TRAPPIST-1, nyota yenye sayari zake, iko takriban miaka ya nuru 40 kutoka hapa. Ukiuliza swali, jibu linarudi baada ya miaka 80. Msiniletee rais anayetawala kutoka Dunia.

8. Mkitumia injini ya kuruka, semeni inaruka umbali gani na nani anaimiliki.

Siwakatazi kuruka kasi ya nuru, hadithi ni yenu. Ila katika galaksi yenye wakubwa wengi, injini hiyo huenda tumeinunua au tumekopeshwa, na hapo tutasambaa kwa mwendo wa biashara ya watu wengine. Pwani yetu inalijua jambo hili. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo mfanyabiashara wa Uarabuni aliweza kuimaliza ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, iliyo mbali zaidi kusini, ikabidi ipitie mikononi mwa Wakilwa, na msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa fahari. Upepo ndio uliochagua mahali pa mji. Injini yenu nayo ina mwisho wa msimu wake. Chombo kikiruka miaka ya nuru 30 kisha kikahitaji kujazwa tena, tafuteni kilicho kwenye miaka ya nuru 30, kwa sababu hapo ndipo pana bandari, madalali, nyumba za kulala wageni, watoto wa mchanganyiko wa desturi, na binadamu waliokosa safari ya kurudi wakaamua kukaa. Ukiwa na bandari sita za namna hiyo, umesambaza watu wako kwa miaka ya nuru 180 bila kupiga risasi hata moja.

9. Mswada unaofuata uje na jedwali la miaka kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa kila makazi nataka mwaka wa kufika, idadi ya waliofika, idadi yao baada ya miaka 100, jina la wenyeji waliowapokea na masharti waliyowapa, na mwaka ambao makazi hayo yalirusha chombo chake chenyewe. Makazi ambayo hayakurusha chombo kamwe yaandikeni pia, na sababu yake.