Hii ni hadithi kweli? Maswali yenu wiki hii

Assalaam aleikum. Maswali ya hadithi, yaani maneno na matendo ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa, yamekuwa mengi mno, nimechukua matano tu, mengine yavumilie.

Ustadh, nimetumiwa meseji ya Sheikh Ahmad mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, ati kamuota Mtume, na asiyeisambaza atapata msiba. Usingizi umenipaa. Niitume?

Usitume, lala dada yangu. Hiyo barua ina umri kuliko hiyo simu yako, kabla ya WhatsApp ilikuwa inazunguka kwa fotokopi, na Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliandika kabisa kuikanusha. Hebu fikiri, Qur'ani yenyewe usipoifowadi hupati msiba, iweje ndoto ya mtu asiyejulikana? Dini ilikamilika Mtume (s.a.w.) akiwa hai, hakuna ndoto inayokuja kutuongezea faradhi. Na yeye mwenyewe kasema, anayemzulia uongo makusudi basi ajiandalie makazi yake motoni, na hiyo imepokewa na masahaba wengi sana, si mmoja wala wawili. Kwa hiyo cha kuogopa ni kuituma, sio kutoituma.

Madrasa tulifundishwa "tafuteni elimu hata China" na "Pepo iko chini ya nyayo za mama". Sasa naambiwa zote si hadithi. Nani mkweli?

Ya China haikuthibiti, mwanazuoni Ibn al-Jawzi kaiweka kwenye kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Shika ile iliyo kwenye kitabu cha hadithi cha Ibn Majah, kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, hiyo wanazuoni wengi wameikubali kwa vile njia zake ni nyingi.

Ya mama ndo inanigusa. Kwa tamko hilo ulilofundishwa sanadi yake, yaani mnyororo wa waliopokezana, ni dhaifu, lakini maana yake ipo, tena ipo vizuri zaidi. Nasai, mkusanyaji mwingine wa hadithi, kapokea kwamba sahaba Jahima alikuja kwa Mtume, anataka kwenda vitani na amekuja kutaka ushauri. Akaulizwa, "Una mama?" Akasema ndio. Akaambiwa basi kaa naye, maana Pepo iko chini ya miguu yake. Unaona tofauti? Ile ya kwanza tumeizoea mpaka imekuwa ya kuandika kwenye kadi, hii ni mtu kaja na hamu ya jihadi na anarudishwa nyumbani kwa mama yake. Mimi tangu niisome hivyo, nikipigiwa simu na mama niko bize napokea kwanza.

Hadithi ikipokewa na mtu mmoja tu si inakuwa dhaifu?

Hapana. Angalia hadithi ya kwanza kabisa kwenye Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi sahihi alichokusanya Bukhari, "hakika amali huzingatiwa kwa nia". Kutoka kwa Mtume njia yake sahihi ni ya Umar peke yake, kwa Umar kaipokea Alqama peke yake, kwake Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, kwake Yahya bin Said al-Ansari, hapo kwa Yahya ndo ikamwagika kwa watu wengi. Uzi mwembamba hivyo na bado ni sahihi bila shaka, kwa sababu kila aliyeushika ni muaminifu, kahifadhi vizuri, na kakutana na aliyempa. Wingi unasaidia, ila cha kwanza kinachoangaliwa ni mtu mwenyewe.

Mama yangu kafariki. Siku ya matanga mtu akanambia machozi yangu yanamuadhibu kaburini, ipo hadithi. Nimekuwa nikijizuia mpaka kifua kinauma.

Pole sana mwanangu, Allah amrehemu mama. Hadithi ipo na ni sahihi, Umar na mwanawe Abdallah (ndiye Ibn Umar) wameipokea, kosa liko kwenye kuielewa. Bibi Aisha alipoisikia kwa Ibn Umar akasema Mungu amsamehe, hakusema uongo ila kasahau au kakosea, na akataja aya kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Bukhari naye alipoiweka kitabuni kaipa mlango wenye kusema ni pale maiti mwenyewe kuomboleza kulikuwa ndo mwendo wake, na wanazuoni walio wengi wakasema ni maiti aliyeusia aliliwe hivyo. Tena wanakusudia kupiga mayowe na kuchana nguo, sio machozi. Mtume mwenyewe mwanawe Ibrahim anakata roho mikononi mwake alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kwa hiyo lia mwanangu, na umuombee dua. Na yule aliyekwambia pengine nia yake njema, lakini kachukua nusu ya elimu kamtwisha mfiwa.

Hadithi dhaifu naruhusiwa kuitumia?

Kwa halali na haramu hapana. Kwa fadhila za amali, yaani kuhimiza matendo mema, wanazuoni wengi akiwemo Nawawi wameruhusu, na mwanazuoni Ibn Hajar kaweka masharti: udhaifu usiwe mkubwa, iwe chini ya asili iliyothibiti (jambo lenyewe liwe na msingi tayari kwenye dini), na usiitakidi kwa yakini kwamba Mtume kaisema. Ukiitaja sema "imepokewa", usiseme "Mtume kasema".