Jibu: Kutazama kupatwa kwa jua kwa ndege, 2 Agosti 2027

Mkuu, unauliza kama kuzunguka juu ya Kisumu na Cessna 172 (ndege ndogo ya injini moja) kutakupa mwonekano bora. La. Kenya yote itaona jua likifunikwa sehemu tu, si lote. Kivuli kamili kinapita Misri, Saudia na Yemen. Tena itakuwa mchana, jua liko juu sana: bawa la 172 liko juu ya dirisha, litakufichia. Utalazimika kuinamisha ndege sana upande mmoja, na rubani hatakiwi kuvaa miwani ya kupatwa akiwa kwenye usukani.

Afadhali utue Lodwar, kaskazini mwa Kenya, utazame ukiwa chini. Kutoka Kisumu ni takriban maili 200 za baharini, kama saa mbili. Kule ni kukavu, mawingu huwa machache, na jua litafunikwa zaidi kuliko Kisumu. Njiani kuna milima ya Cherangani, zaidi ya futi 11,000. Hakikisha mafuta ya kurudi kabla hujaondoka, na usiondoke Lodwar ndege ikiwa na uzito kupita kiasi: joto la mchana hula nguvu ya injini.